Uzamili wa planktoni na tabianchi: kazi yenyewe ikoje, na data huharibikia wapi?

Mwani_Mwekundu

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaoifahamu oshenografia ya kibiolojia, upande wa planktoni (viumbe wadogo wanaoelea na kuchukuliwa na maji) na mabadiliko ya tabianchi. Ni uzamili wa miezi 18, maji ya Unguja na Pemba. Muda mwingi huishia wapi: baharini, maabara au kwenye kompyuta? Ujuzi gani ukikosekana data yote inakuwa haina maana? Na kwa miezi hiyo 18 inawezekana kuonyesha kwamba planktoni wanapungua kwa sababu bahari inapata joto?

Kopepodi

Karibu. Naanza na swali la mwisho maana ndilo linalowapoteza wengi: haiwezekani. Miezi 18 inakupa kusi moja au mbili, na kaskazi hivyo hivyo. Ukiangukia mwaka kama 2019, Dipoli ya Bahari ya Hindi (kupishana kwa joto la maji kati ya magharibi na mashariki ya bahari hiyo) ilipokuwa na nguvu isiyo ya kawaida, tofauti yote utakayoiona inaweza kuwa ya mwaka huo tu. Wenzetu wa Atlantiki ya Kaskazini waliweza kusema kopepodi (planktoni wadogo jamii ya kamba) wa maji ya joto wamesogea kaskazini kwa takribani digrii 10 ndani ya miaka 40 kwa sababu wana kifaa cha kukusanya planktoni kilichobuniwa na Alister Hardy, kinachokokotwa na meli za kawaida za biashara tangu 1931 kwa hariri ya matundu yale yale ya mikromita 270. Ukibadili wavu katikati ya safu ya data, hutajua tena kama kilichobadilika ni bahari au ni wavu.

Kwa hiyo tasnifu iwe juu ya misimu, au tofauti kati ya Mkondo wa Pemba wenye kina kirefu na maji mafupi yaliyo kati ya Unguja na bara.

Muda unaishia mezani. Siku moja ya boti inaweza kukufunga wiki nzima kwenye hadubini.

Ujuzi wa kwanza ni kujua maji kiasi gani yamepita kwenye wavu. Chukua wavu wa WP2: mdomo wenye kipenyo cha sentimita 57, yaani mita ya mraba 0.25, matundu mikromita 200. Ukiuvuta wima kutoka mita 50, kwa nadharia umechuja mita za ujazo 12.5. Usiiamini nadharia, soma kipima mtiririko, kifaa kinachofungwa mdomoni mwa wavu kupima maji yanayopita. Kile cha General Oceanics chenye rota ya kawaida, chukua tofauti ya namba, zidisha kwa 26,873, gawa kwa 999,999. Jibu ni mita za maji yaliyopita kwenye wavu. Tofauti ikiwa 1,860, umepata mita 50, safi. Ikiwa 1,100, ni mita 29.6 tu, sawa na mita za ujazo 7.4. Wavu umeziba, maji yanapita pembeni ya mdomo badala ya kuingia. Ukigawa idadi ya viumbe kwa 12.5, umepunguza wingi wao kwa asilimia 41.

Hili ni la kuangaliwa hasa wakati wa kaskazi, Trichodesmium (bakteria wa usanisinuru wanaoelea kwa mafungu na kuziba wavu) inapotanda. Matokeo yake ni kwamba mwezi wenye fitoplanktoni (planktoni wa mimea) tele unaonekana kuwa na zooplanktoni (planktoni wa wanyama) wachache, na mtu anakimbilia kuandika tabianchi!

Mengine kwa kifupi: vuta kwa takribani mita 45 kwa dakika. Kamba ikilala kwa nyuzi 45 kutoka wima, mita 50 za kamba ni kina cha mita 35 tu. Osha wavu kwa kumwagia maji kutoka nje, usimwagie mdomoni, la sivyo unaongeza planktoni ambao hawakupimwa. Na saa za kuvuta zisibadilike, kwa sababu kopepodi wengi hupanda juu usiku na kushuka mchana.

Bi_Hadubini

Nakubaliana, ila mikromita 200 peke yake kwa maji ya tropiki naipinga. Oithona (kopepodi wadogo) na nauplii (watoto wa kopepodi) wanapenya, na hao ndio wengi huku kwetu. Tumia wavu wa pili wa mikromita 100 au 64, lakini ule wa 200 ubaki kwa ajili ya kulinganisha na data za wengine.

Halafu chupa. Sehemu moja ya formalini (dawa ya kuhifadhi viumbe) ya dukani kwa sehemu tisa za sampuli, na viumbe wasizidi robo ya chupa, la sivyo wanaoza katikati huku juu pakionekana pazuri. Formalini iwe imetulizwa kwa boraksi. Bila hiyo asidi inayeyusha magamba ya pteropodi (konokono wadogo wanaoelea), na mwaka ukiisha utaandika kwamba pteropodi hawapo. Kwa fitoplanktoni tia Lugol (myeyusho wa iodini) mpaka maji yawe na rangi ya chai nyepesi isiyo na maziwa. Hifadhi gizani na uangalie kila mwezi, ikififia ongeza.

Kuhesabu: ukihesabu viumbe 100 wa aina moja, kosa ni karibu asilimia 20 juu au chini. Ukihesabu 400 linashuka hadi 10. Huwezi kuona badiliko la asilimia 8 kwa hesabu ya viumbe 60, hata programu ikupe namba tamu kiasi gani.

Jicho_Angani

Kwenye kompyuta jifunze R au Python (lugha za kuchambua data) mapema. Data za klorofili za setilaiti zisizokatika zipo tangu 1997, lakini usiunganishe za vihisi tofauti, kama SeaWiFS na MODIS, kwa mkono. Tumia safu iliyokwisha kuunganishwa na kusawazishwa, kama OC-CCI. Weka pembeni piseli za maji mafupi: mchanga mweupe wa chini na tope la mito huonekana kama klorofili. Na klorofili ikishuka si lazima seli zimepungua, maana fitoplanktoni wakipata mwanga mwingi hupunguza klorofili ndani ya seli. Ule utafiti wa 2016 uliotaja kushuka hadi asilimia 20 magharibi mwa Bahari ya Hindi kwa miongo sita ulitegemea pia modeli, si setilaiti pekee. Usome kwa jicho hilo.

Mwani_Mwekundu

Asanteni sana. Na nikitaka kufanya DNA kutoka sampuli hiyo hiyo ya formalini? Na ajira ziko wapi?

Bi_Hadubini

Formalini inaharibu DNA. Gawanya sampuli palepale kwenye boti: nusu formalini, nusu ethanoli ya asilimia 95, na ethanoli uibadilishe ndani ya saa 24 kwa sababu maji ya viumbe huizimua. Kumbuka ethanoli na formalini zote ni mizigo ya hatari kwa ndege, panga usafiri kabla.

Kopepodi

Ajira: Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Unguja, TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania), KMFRI (taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi Kenya) Mombasa, vyuo vikuu, na miradi ya muda. WIOMSA (chama cha wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi), yenye makao Unguja, hutoa ruzuku za utafiti. Ila kabla hujanunua wavu wowote, kaulize kwenye taasisi waliowahi kuvuta maeneo hayo walitumia matundu gani, kina gani, saa ngapi, na kama fomu za kipima mtiririko bado zipo. Zikiwepo, fuata vipimo vyao hata kama wewe usingevichagua.