Naombeni ushauri: kibubu hakimalizi mwezi

Habari za jioni wakuu. Naendesha bodaboda Mwanza, pikipiki si yangu, hesabu ya bosi ni 10,000 kwa siku. Nilijipangia kuweka 5,000 kila siku ninunue yangu. Kibubu cha kwanza nilikipasua siku ya 19. Cha pili nikawa navuta noti kwa njiti ya chelewa, hadi nikawa fundi. Nikahamia kwenye simu, huko ndiyo balaa kabisa. Nikampa mke atunze, tukala wote.

Kwa mliofanikiwa: mchezo wa kijiweni (ule wa kuchangiana na kupokea kwa zamu) au akaunti ya benki isiyotoleka kabla ya muda, kipi kinambana mtu kama mimi? Na siku ya mvua, abiria hakuna, mnaweka hata 500 au mnaruka? Mimi nikiruka siku moja, wiki nzima imeenda.