Tupeane uzoefu: bustani za viwanja vya kuazima Dodoma, kuanzia Mei hadi Julai

Mtunza Kitalu, Nzuguni:
Mbukwenyi, ndugu zangu. Leo nimepita kwenye kiwanja ambacho msimu uliopita kilikuwa na mchicha na nyanya za jirani, nikakuta tofali zimepangwa juu ya majaruba, na mengi yakanirudia. Tangu mji wetu utangazwe kuwa jiji mwaka 2018, viwanja vingi tulivyokuwa tukilima kwa kuazima vimejengwa. Hata hivyo, kila mvua zinapokata mwezi Aprili tunashika jembe upya, kwa sababu kuanzia Mei hadi Julai kuna ubaridi, na mboga hustawi kwa maji machache kuliko wakati wa joto la Oktoba. Ninaomba mnaolima vipande vidogo mtueleze yaliyowapata, iwe ni kuhusu maji, udongo, wadudu au wenye viwanja.

Mama wa Swaswa:
Kwangu ni chumvi. Kisima tunachochota kina maji ya magadi, na maharage ndiyo yanayotangulia kuonyesha: kingo za majani hukauka zikawa kahawia ilhali katikati ya jani bado ni kibichi, na jaruba likikauka huacha utando mweupe juu ya udongo. Mchicha na spinachi huvumilia, lakini maharage na karoti hayawezi. Kinachonisaidia ni kumwagilia maji mengi kwa mara moja, kisha kupumzika, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Ukinyunyiza kidogo kidogo kila jioni, chumvi inabaki juu pale pale. Samadi pia iwe imeoza sawasawa, hasa ya kuku, kwa kuwa nayo ina chumvi yake.

Kijana wa Veyula:
Hata huku ni hivyo hivyo, mama. Maharage nimeyaacha kabisa.

Mkulima wa Ihumwa:
Ningependa kuongezea kuhusu matuta. Wengi tumefundishwa kuinua tuta, lakini utaratibu huo unafaa palipo na mvua nyingi. Hapa kwetu tunapata kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka mzima, na zote huishia kwenye msimu mmoja. Tuta lililoinuliwa mwezi Juni hukaukia pembeni kabla ya adhuhuri, upepo nao ukilimalizia. Chimbeni jaruba lizame, mweke samadi, kisha mfunike kwa nyasi kavu.

Mzee wa Mpunguzi:
Ndugu wa Ihumwa, usiwaambie watu wazamishe majaruba bila kutaja udongo. Kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka, jaruba la kuzama hutuamisha maji na nyanya hunyauka ikiwa imesimama ndani ya tope. Na hizo nyasi kavu huita mchwa.

Mkulima wa Ihumwa:
Shikamoo mzee wangu. Nilikuwa nazungumzia kichanga chekundu. Kuhusu mchwa, wao hula nyasi kavu kwanza, kwa hiyo ukiziondoa ndipo wanapohamia kwenye mashina.

Mzee wa Mpunguzi:
Marahaba. Kwangu walikula vyote viwili.

Dada wa Chang'ombe:
Nimesoma neno la tofali hapo juu nikashindwa kunyamaza. Nilipewa kiwanja kwa maneno tu, na mwenyewe akaniambia nilime hadi atakapopata fedha za kujenga, ambazo alisema zingechukua miaka. Nikasia nyanya kwenye kitalu mwishoni mwa mvua, nikahamishia miche shambani mwezi Mei, nikasimika vijiti na kufunga kila mche kwa vipande vya kanga kuukuu. Mwezi Julai vichala vya chini vikaanza kuwa vyekundu. Asubuhi moja nafika na ndoo zangu, nakuta lori limeshamwaga kokoto kwenye mchicha, na fundi amevuta kamba nyeupe ya msingi, imepita juu ya vijiti vyangu kutoka kona hadi kona. Vijana wawili walikuwa wameanza kuchimba. Miche waliyoing'oa ilikuwa imelala ubavu, na mizizi yake bado ilikuwa na udongo mbichi wa maji niliyomwagia jana yake, wakati kila kitu kingine pale kilikuwa vumbi. Nikampigia mwenye kiwanja, akanijibu kwamba nyumba haisubiri nyanya, akakata simu. Fundi ndiye aliyenihurumia; alihamishia vijana wake upande wa pili hadi saa sita. Majirani wakaja na mabeseni, tukachuma kila kitu, hata vitumba vya bamia. Nyanya zilizokuwa zimekomaa na kuanza kupauka niliziweka kwenye boksi pamoja na ndizi mbivu, zikaiva ndani. Zile changa hazikuiva kamwe, nikazifanya achari.

Mama wa Swaswa:
Pole sana, mwanangu. Nimeumia kana kwamba ni shamba langu.

Kijana wa Veyula:
Pole dada. Je, mlikuwa mmeandikiana?

Mzee wa Mpunguzi:
Mtu amekupa kiwanja bure halafu umpelekee karatasi asaini? Hiyo ni kumvunjia heshima, na mwakani hutapewa.

Mtunza Kitalu, Nzuguni:
Mzee, kwa hili sikubaliani nawe. Mistari mitatu mbele ya mwenyekiti wa mtaa, inayotaja mwezi wa kupanda na mwezi wa kuondoka, inamlinda hata mwenye kiwanja. Heshima iliyovunjwa hapa ni ya aliyemwagilia.

Mkulima wa Ihumwa:
Karatasi au la, kiwanja cha kuazima kipandwe vya muda mfupi. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne, figiri na chainizi hazichelewi sana. Nyanya inataka karibu miezi minne tangu kusia. Mzabibu, ingawa huku kwetu unazaa mara mbili kwa mwaka, usiupande kabisa kwenye ardhi ya mtu, kwa sababu huo ni wa miaka mingi.

Binti wa Kisasa:
Samahani, ninaomba turudi kwa wadudu. Kantangaze ameingia kwenye nyanya zangu, majani yana mabaka meupe kama yamechorwa. Nifanye nini?

Kijana wa Veyula:
Nyunyiza majivu.

Mama wa Swaswa:
Majivu hayamfikii, kwa sababu kiwavi yumo ndani ya jani. Chuma majani yote yenye michoro na matunda yaliyotobolewa, uyachome. Usiyaache pembeni ya bustani. Ukilazimika kutumia dawa, badilisha aina, kwa maana mdudu huyu huzoea haraka, na uhesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuchuma. Mimi hutumia pia maji ya mbegu za mwarobaini, lakini mapema, viwavi wakiwa wachanga.

Dada wa Chang'ombe:
Asanteni kwa pole zenu. Nimepata sehemu nyingine Nala, na safari hii tumeandikiana. Mchicha nimeuweka ardhini, nyanya nimezipanda kwenye viroba ili nikiambiwa niondoke nizibebe. Shida ni kwamba vinakauka haraka mno.

Mama wa Swaswa:
Vizike nusu ardhini, viguse udongo wa chini, na toboa matundu pembeni, si kitako peke yake. Changanya mboji nyingi kuliko mchanga. Na usiruke siku ya kumwagilia matunda yakishaanza kujaa, kwa sababu nyanya ikikauka leo na kulowana kupita kiasi kesho, huoza kitako.