MREJESHO: Majaribio yanayofeli bila sababu

Wakuu, nimerudi. Kwa waliosahau: niliuliza kwa nini programu yangu, inayotumia namba za kubahatisha, leo inafeli majaribio na kesho inapita, wakati sijagusa hata mstari mmoja wa msimbo.

Aliyeniambia nipige hesabu kwanza, ubarikiwe. Nina majaribio 20, kila moja kwa kiwango cha 0.05 (yaani nafasi ya 5% ya kufeli bure, bila kosa lolote), kile alichokizoeza mwanatakwimu Ronald Fisher tangu 1925. Kama hayategemeani, hata msimbo ukiwa mzima, uwezekano wa angalau moja kufeli ni kama 64%. Yaani nilikuwa nawinda kosa ambalo halipo! Nimegawanya 0.05 kwa 20, kila jaribio sasa lina 0.0025, na mbegu ya namba za kubahatisha (namba ya kuanzia inayozizalisha) nimeifunga ili majibu yajirudie.

Ushauri wa pili niliudharau, mnisamehe: haribu msimbo makusudi uone kama jaribio litalia. Jana nikageuza alama ya kujumlisha kuwa ya kutoa kwenye hesabu ya wastani. Yote yakapita, kijani tupu. Kuchungulia, kumbe jaribio la wastani linaita fankisheni ileile mara mbili na kulinganisha majibu. Namba inajilinganisha na yenyewe, miezi minne! Sasa jaribio hilo nimelipatia namba 2, 4 na 9, na jibu nililokokotoa kwa mkono: 5.

Mbegu ikifungwa najaribu namba zilezile tu kila siku, kwa hiyo usiku naiachia huru, na namba yake inaandikwa ili ikifeli nirudie palepale.