Tupeane uzoefu: mtoto anajua kuzidisha na kugawanya, lakini hesabu za mafumbo zinamshinda

Baba Neema (mleta mada)
Wadau, habari za jioni. Naomba leo tuzungumzie hesabu za mafumbo, zile zinazoandikwa kwa maneno.

Binti yangu yuko darasa la tano. Jedwali la kuzidisha analo kichwani, MAGAZIJUTO (ule mpangilio wa Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa) anaiimba hata akiosha vyombo. Juzi nikamwandikia swali: "Asha ana maembe 12. Maembe ya Asha ni pungufu kwa 5 kuliko ya Juma. Juma ana maembe mangapi?" Kalamu yangu haijatoka kwenye karatasi, mwenzangu ameshaandika 12 − 5 = 7. Nikamuuliza kwa nini ametoa. "Si kuna neno pungufu, baba?"

Kumbe amezoeshwa kwamba "jumla" maana yake jumlisha, "baki" na "pungufu" maana yake toa, "kila mmoja" maana yake gawanya. Basi swali halisomi, anawinda neno tu. Nikafunika daftari kwa kiganja, nikamuuliza: kati ya Asha na Juma, nani ana maembe mengi? Akatulia. "Juma." Haya, Juma mwenye mengi awe na 7, Asha mwenye machache awe na 12? Akafuta mwenyewe, akaandika 17.

Aliyepitia haya, awe mwanafunzi, mzazi au mwalimu, aje atuambie. Kitu gani kilikufungua macho?

Mwalimu Chaki
Pole na hongera, Baba Neema. Hilo la kufunika daftari endelea nalo.

Mimi nafundisha hisabati msingi, na swali linalowaangusha wangu kila mwaka ni la saa. "Basi liliondoka saa 11:30 alfajiri, likafika saa 4:15 asubuhi. Lilitumia muda gani?" Wengi wanachukua 11:30, wanatoa 4:15, wanapata saa 7 na dakika 15, wanapeleka daftari wakiwa na furaha kabisa. Wanaokumbuka kuanza na saa ya kufika wanaona 4 ni ndogo kuliko 11, wanaganda hapo hapo.

Zamani nilikuwa naandika kanuni ubaoni: ongeza 12 kwenye saa ya kufika, kisha toa, na ukikopa saa moja umekopa dakika 60, si 10. Waliikariri. Baada ya wiki mbili haikuwepo.

Siku moja nikamsimamisha mtoto mbele nikamwambia wewe ni kondakta, tembea na basi lako. Saa 11:30 uko stendi. Akapiga hatua: saa 12 kamili, zimepita dakika 30. Akatembea hadi saa 4 akihesabu kwa sauti, saa moja, mbili, tatu, nne. Akaongeza dakika 15. "Mwalimu, ni saa nne na dakika arobaini na tano!" Darasa zima likataka kuwa kondakta. Siku hizi nachora mstari tu ubaoni na wao wanatembea juu yake kwa kidole.

Na kuna kisa kimoja nakipenda sana. Watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwahi kuwauliza watoto wa shule ya msingi: melini mna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Wengi walizichukua hizo namba wakatoa jibu. 26 na 10, miaka 36. Walikuwa watoto wenye akili timamu. Wamezoea tu kwamba kila swali la mwalimu lina jibu, na kila namba iliyotajwa lazima itumike. Mimi nilipojaribu kwangu nilipata hizo 36 nyingi, na ilinibidi nijitazame upya namna ninavyotunga maswali.

Fundi Uzio
Yangu iliniumiza mfukoni. Mwaka wangu wa kwanza kujitegemea nilipata kazi ya uzio wa mita 100, mstari ulionyooka, nguzo kila baada ya mita 5. Nikagawa 100 kwa 5, nikapata 20, nikanunua nguzo 20, nikakodi guta. Tumeanza kuchimba saa moja asubuhi. Kufika mchana waya nimeushika mkononi, pa kuufungia hakuna. Nguzo ya ishirini imesimama kwenye mita 95. Nikarudi mjini kufuata nguzo moja, na nauli yake ikatoka kwenye ujira wangu.

Ile 20 ilikuwa idadi ya nafasi. Nguzo zilitakiwa 21. Tazama kiganja chako: vidole 5, nafasi 4. Ila ukizungusha uzio mpaka urudi ulipoanzia, mita 100 hizo hizo zinatosha nguzo 20, maana ya mwisho ndiyo ile ya kwanza. Mdogo wangu alipoletewa swali la namna hii shuleni nilimchorea chini kwa kijiti, yote mawili, la kunyooka na la duara. Mchoro, wadau. Mtoto achore kabla hajagusa namba.

Mama Doti
Nakazia la fundi. Mimi nauza khanga. Doti ilikuwa 10,000, mzigo ukapanda, nikaongeza asilimia 20 ikawa 12,000. Baadaye wateja wakapungua, nikasema narudi bei ya zamani. Nikabandika karatasi: punguzo asilimia 20. Jioni nahesabu, kila doti imetoka 9,600. Nikaanza kumtazama vibaya kijana wangu wa dukani, Mungu anisamehe.

Mwanangu wa kidato cha pili akaniambia, "Mama, asilimia 20 ya nini?" Ya kwanza ilikuwa ya 10,000, yaani 2,000. Ya pili ilikuwa ya 12,000, yaani 2,400. Sasa mtu akinitajia asilimia yoyote, mkopo au punguzo, namuuliza vilevile: ya nini?

Mpwani
Mimi nilifunguliwa na babu barazani, si shuleni. Nilikuwa na miaka tisa. Alinitegea lile la mtu mwenye chui, mbuzi na majani, mtumbwi unabeba yeye na kimoja tu. Chui akibaki na mbuzi atamla, mbuzi akibaki na majani atayala.

Babu alichukua kete tatu za bao akaziweka sakafuni, ufa wa saruji ukawa mto. Nikavusha mbuzi. Safari ya pili nikakwama: nikileta chui, mbuzi analiwa, nikileta majani, mbuzi anayala. Siku mbili nasukuma kete zile. Babu hakunipa jibu, alisema neno moja tu: "Nani kakukataza kurudi na kitu?"

Nikarudi na mbuzi. Nikamwacha, nikavusha majani yakakae na chui, nikarudi mtupu, nikamchukua mbuzi. Mara saba kuvuka mto. Mpaka leo nikikwama kwenye hesabu najiuliza ni sharti gani nimejiwekea mwenyewe ambalo swali halikuliweka.

Kidato cha Kwanza B
Shikamooni wakubwa. Mimi msingi nilisoma kwa Kiswahili, sasa hesabu zote ni kwa Kiingereza. Mtihani uliopita kulikuwa na swali la namba "isiyopungua 5". Kwa Kiswahili ningejua kwamba 5 yenyewe imo. Kwa Kiingereza nilidhani ni kubwa kuliko 5, nikaiacha nje, nikakosa swali lote. Siku hizi nina daftari dogo la maneno hayo, na kila swali nalieleza kwanza kwa Kiswahili kichwani kabla ya kuandika.

Mwalimu Chaki
Marahaba mwanangu. Hilo daftari usilitupe.

Baba Neema (mleta mada)
Wadau nimerudi. Nimempa Neema swali la nahodha sasa hivi, bila kumwambia chochote. Kalamu ikaenda kwenye 26, ikasimama. Akasoma tena akifuata kwa kidole. Kisha akaninyooshea karatasi: "Baba, umeandika habari za kondoo na mbuzi tu. Za nahodha umesahau."