Nilinunua hisa kabla daftari halijafungwa, mbona gawio sikupata?

Mwalimu wa Majengo, Moshi

Ndugu zangu, habari za jioni. Nimestaafu ualimu, na sehemu ya kiinua mgongo nimeiweka katika hisa ili nipate kipato cha kila mwaka. Kampuni moja iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam ilitangaza gawio, yaani sehemu ya faida inayogawiwa wanahisa, la shilingi 50 kwa hisa na kusema daftari la wanahisa (orodha ya watakaolipwa) lingefungwa Ijumaa. Jumanne hisa ilikuwa shilingi 650. Jumatano asubuhi nikaikuta 625, nikaona nimebahatika, nikanunua hisa 2,000 kupitia simu. Siku ya malipo imepita na sijapokea hata senti. Je, nimedhulumiwa? Na nilipiga hesabu kwamba gawio ni asilimia 8 ya bei niliyonunulia; ni sahihi?

Mzee wa Njiro

Pole, Mwalimu, ila hujadhulumiwa. Kununua hakukufanyi mwanahisa papo hapo, kwa kuwa muamala unakamilika siku ya tatu ya kazi, ndipo jina lako linapoingia kwenye daftari. Hesabu mwenyewe: Alhamisi ni ya kwanza, Ijumaa ya pili, Jumatatu ya tatu, na daftari lilikwishafungwa. Siku yako ya mwisho ilikuwa Jumanne. Kuanzia Jumatano hisa ile iliuzwa bila gawio, na ndiyo maana bei ilishuka. Ulichokiita bahati ni gawio lililokuwa likiondoka na muuzaji. Ni sawa na kununua ng'ombe ambaye ameshakamuliwa asubuhi hiyo. (Bei si lazima ishuke kwa shilingi 50 kamili, hasa katika soko letu ambalo baadhi ya hisa hupitisha siku bila mnunuzi.)

Binti wa Machame

Shikamoo, Mwalimu. Kuhusu asilimia: 50 ukigawanya kwa 625 ni asilimia 8 kweli, lakini gawio la kampuni zilizoorodheshwa hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla halijakufikia. Kwa hisa zako 2,000, shilingi 100,000 zinakuwa 95,000, yaani asilimia 7.6 ya shilingi 1,250,000 ulizotoa, na hapo bado sijagusa ada ya dalali. Isitoshe, hiyo 50 ni ya mwaka uliopita. Gawio la mwisho wa mwaka hupendekezwa na bodi na kuidhinishwa na mkutano mkuu, kwa hiyo mwakani linaweza kuongezeka, kupungua au kukosekana kabisa. Ukiona asilimia kubwa kupita kiasi, chunguza kwanza kama bei imeporomoka, maana bei ikishuka asilimia hupanda hata kama gawio halijaongezeka.

Mwalimu wa Majengo, Moshi

Marahaba, mwanangu. Mzee wa Njiro, nakushukuru, ingawa mfano wa ng'ombe umenichoma. Sasa niziuze?

Mzee wa Njiro

Usiuze kwa hasira, kwani utalipa ada mara ya pili kwa ajili ya gawio ambalo hata hivyo halirudi. Soma hesabu za kampuni uone gawio hutoka kwenye faida ya mwaka au kwenye akiba. Ukiridhika, kaa nazo. Mwakani daftari likifungwa jina lako litakuwamo. Wiki hii mwombe dalali ahakikishe akaunti ya benki uliyoandikisha bado inafanya kazi, maana wastaafu wengi hubadilisha benki wakasahau kutoa taarifa, na gawio lao linakaa bila mwenyewe.