Boga la kuchoma linanitolea maji na mgeni anakuja Jumamosi. Naombeni msaada wa haraka

Kisu_Butu (mleta mada), Jumatano usiku

Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja kwenye mada. Nataka kupika lile bakuli la nafaka: chini mtama uliochemshwa, juu yake vipande vya boga vilivyochomwa mpaka pembeni vikawa vya kahawia, mbaazi, mchicha kidogo, halafu unamwagia rojo la karanga. Nyama haimo.

Nimejaribu jana na leo. Jana boga limekuwa uji. Leo limeungua chini, juu bichi, katikati maji matupu. Mtama ndiyo usiseme, nimetafuna mpaka taya zikachoka. Maboga nilinunua matatu soko la Chifu Kingalu hapa Morogoro, moja nililopima lilikuwa kilo tatu na nusu, yamebaki mawili. Jiko ni la mkaa, oveni sina. Mgeni anafika Jumamosi. Nawasilisha.

Siti_ya_Mbele

Nimeshakaa, karanga zangu ninazo. Ngoja waje.

Bi Shamimu

Mwanangu, boga na moto wapi na wapi? Boga ni la nazi. Likate vipande vikubwa, lichemshe na maji kiasi cha kulifunika nusu tu, likikaribia kuiva mimina tui zito, sukari na iliki, liache lichemke taratibu mpaka tui ling'ang'anie. Mimi kila mwezi wa Ramadhani napika, na jirani yangu ambaye hatusemeshani huwa anatuma mtoto na bakuli. Achana na mambo ya kuiga.

Kisu_Butu

Shikamoo mama. La nazi nalijua na nalipenda, lakini mgeni ameshaambiwa ni hilo la bakuli. Hakuna kurudi nyuma.

Fundi Sufuria

Mkuu, kinachokuharibia ni mvuke. Ukirundika vipande kwenye sufuria ukafunika, maji ya boga hayana pa kutokea, kwa hiyo unachemsha huku unajiambia unachoma. Fanya kama wanaooka keki kwa mkaa. Tafuta sufuria kubwa zito, tandaza mchanga mkavu chini kimo cha vidole viwili, funika, liache lipate moto robo saa. Boga likate vipande vya ukubwa wa kiberiti, vifute kwa kitambaa vikauke, vipake mafuta ya alizeti, vipange kwenye sinia pasiwepo kimoja kinachompanda mwenzake. Sinia likae juu ya mchanga, funika kwa mfuniko bapa, palia mkaa juu. Moto wa juu uwe mwingi, wa chini mdogo. Wewe umefanya kinyume ndiyo maana limeungua chini. Dakika 20 fungua mvuke utoke, geuza, rudisha 15 nyingine. Chumvi nyunyiza mwishoni, ukiitanguliza inavuta maji. Mwenye oveni aweke nyuzi 200 na dakika kama 35.

Mtama loweka usiku kucha, yale maji mwaga. Kikombe kimoja kwa vitatu vya maji, moto wa wastani, karibu saa nzima. Chukua mweupe. Ule mwekundu wa pombe unaacha ukakasi ulimini.

Na hayo maboga mawili yachome kucha kabla hujayapasua. Kucha ikizama ganda, ujue ni changa, ni maji tu, mpe ng'ombe. Boga lililokomaa kikonyo chake kimekauka kama ukuni.

Mgogo_Halisi

Nimeona neno mtama roho ikaniuma. Umoja wa Mataifa ulitangaza 2023 kuwa mwaka wa mtama, ulezi na uwele duniani. Mimi huyo, nikaingia shambani Kongwa, ekari mbili. Kweleakwelea walikuja asubuhi moja kama wingu la mvua. Tulipiga madebe, tukarusha mawe kwa teo, mke wangu akapiga kelele mpaka sauti ikakauka siku tatu. Nilivuna gunia moja na ndege walioshiba. Mleta mada, heshimu huo mtama ulio nao.

Malenge254

Huku Kenya tunaita malenge, boga mnalosema nyinyi kwanza nilidhani ni mboga imekosewa tahajia. Swali langu: kwa nini mtu achome kitu ambacho kikichemshwa na chai ya maziwa kinateremka chenyewe?

Kisu_Butu

Fundi, Mungu akubariki. Kucha haijaingia, ganda ni gumu kweli, lile la kwanza nililipasua kwa shoka dogo kwenye gogo. Kesho najaribu na mchanga.

Dada Neema

Kabla hujawasha mkaa tena, mgeni mwenyewe ni nani? Mwanaume wa Kitanzania haungui vidole usiku mbili mfululizo kwa ajili ya mgeni hivi hivi.

Kisu_Butu

Mgeni ni mgeni tu dada.

Dada Neema

Haya, baki na uji wako wa boga.

Kisu_Butu

Sawa. Ni mama mkwe mtarajiwa. Anatoka Same, Upareni, ni Msabato na nyama hali miaka mingi. Mchumba wangu amesomea lishe hapa chuo kikuu cha kilimo, SUA, ndiye aliyenitumia picha ya hilo bakuli, na ndiye aliyemwambia mama yake kwamba mimi mwenyewe nimeacha nyama na huwa najipikia chakula hicho. Sikusema mimi, lakini sikukanusha.

Mpare_wa_Suji

Hapo sasa umegusa nyumbani. Sikiliza kijana. Wasabato nchi hii walianzia kwetu milimani mwaka 1903, kwa hiyo huyo mama usimchukulie kama mtu aliyeacha nyama kwa sababu ya picha za mtandaoni. Huenda bibi yake alikuwa hivyo hivyo. Jambo la pili, hilo bakuli lako lina jina, linaitwa makande, sema tu limetandazwa. Mahindi na maharage kwenye chungu kimoja, ukitia boga linakuwa rojo lenyewe. Mpare ukimpa makande mazuri anasahau hata kesi aliyokuja kufungua.

Jambo la tatu ndilo linalonitisha. Umesema Jumamosi. Saa ngapi?

Kisu_Butu

Atafika Ijumaa jioni kwa basi, analala kwa mwanaye. Kwangu Jumamosi saa saba mchana, wakitoka kanisani.

Mpare_wa_Suji

Yaani mama wa Kisabato anatoka ibadani, anakukuta umefutuka jasho unapalia mkaa siku ya Sabato? Bora angekukuta na supu ya kongoro. Chakula cha Sabato kinaandaliwa Ijumaa, jua likizama jiko limepumzika. Huyo binti hakukwambia?

Kisu_Butu

Alisema "usihangaike sana Jumamosi". Nilidhani ananionea huruma.

Siti_ya_Mbele

Nimeongeza karanga.

Kipanga

Nimesoma uzi wote kimya. Mkuu Kisu_Butu, mimi sijawahi kuona boga likipimwa kilo sokoni, linauzwa kwa macho. Wewe umejuaje kilo tatu na nusu?

Kisu_Butu

Nina mzani.

Kipanga

Una mzani. Una gogo. Una shoka dogo. Unajiita Kisu. Mkuu, unafanya kazi gani?

Kisu_Butu

Nina duka. Tuongelee boga jamani, muda unakwenda.

Kipanga

Duka la nini?

Kisu_Butu, saa moja baadaye

Ni bucha. Nina bucha, mwaka wa sita huu. Mmefurahi?

Na kabla hamjaanza kunihukumu: mama anajua nina duka, hajawahi kuuliza duka la nini. Jumamosi nafunga. Rafiki yangu anauza nafaka mtaa wa pili, tumekubaliana nikae pale kwake nusu saa mama akipita kusalimia. Hela ya soda nimeshampa. Hata ng'ombe wa Ijumaa nimeagiza nusu. Kwa hiyo mipango imekamilika, kilichobaki ni boga.

Mzee Baraka

Kijana, nina miaka thelathini na nane ndani ya ndoa. Nilimficha mke wangu kwamba navuta sigara, nikawa navutia chooni. Mwezi wa pili akanipelekea kiberiti mlangoni, akasema "hicho chako naona kimeisha". Hakuna neno jingine alilosema mpaka leo. Sigara niliacha wiki ile ile. Mwambie mama ukweli, kuuza nyama si dhambi hata kwao, wengi wao wanakula.

Kisu_Butu

Mzee shikamoo. Ukweli nitasema, lakini baada ya posa. Mtu huwezi kuanza na mabaya.

Dada Neema

Mabaya? Bucha inalipa kodi, ina mzani, ina mteja kila siku. Kuna wenzio wanaleta posa hawana hata jiko. Mimi kinachoniudhi ni huyo binti, kakutengeneza mtu mwingine kisha kakuachia wewe umpikie.

Fundi Sufuria

Mimi mambo ya posa sijui, ila kuna kitu kimenishtua. Boga umelipasulia kwenye gogo la bucha?

Kisu_Butu

Nilisugua kwanza kwa chumvi na maji ya moto.

Fundi Sufuria

Mkuu, gogo limekunywa damu na mafuta miaka sita, hilo halisuguliwi likatakata. Mtu asiyekula nyama pua yake ni kali kuliko ya paka. Atasikia harufu kabla hujamkaribisha kiti. Nunua ubao mpya na kisu kipya, sinia usichukue la mishikaki, na kitambaa cha kufutia kisiwe kile cha dukani. Hapa ndipo wengi wanapokosea hata mahotelini, wanadhani kuondoa nyama kwenye sahani inatosha.

Chai_ya_Rangi

Wakuu hii ni stori ya kutunga, mnakunywa chai na hamuoni hata majani. Mwezi wa pili huyu huyu alileta uzi anatafuta msumeno wa kukatia mifupa, akaandika "mimi ni mume na baba wa watoto wawili". Leo ana mchumba, mama mkwe Msabato, na boga. Halafu tazameni ilivyopangika: mzani, gogo, Sabato, kila kitu kinatoka kwa zamu yake kama tamthilia. Mtu mzima hawezi kuwa na bucha asijue kupalia mkaa.

Siti_ya_Mbele

Nimeurudia ule uzi. Ni kweli aliandika hivyo. Karanga zimeniganda kooni.

Kisu_Butu

Watoto ni wa marehemu kaka yangu, nawalea mimi. Mke nilisema tu ili muuzaji wa msumeno asinione bwana mdogo akanipandishia bei.

Chai_ya_Rangi

Kwa hiyo utetezi wako ni kwamba siku ile ndiyo ulidanganya, leo unasema kweli.

Kisu_Butu

Ndiyo.

Mgogo_Halisi

Mimi namwamini. Aliyetafuna mtama mbichi anajulikana, hiyo sentensi ya taya haitungiki.

Malenge254

Chai au si chai, mimi nimeshanunua malenge na nimejaribu ya mchanga. Yametoka poa sana, pembeni yamekuwa kama karameli. Hiyo mbinu ni ya kweli hata kama mama mkwe si wa kweli.

Bi Shamimu

Mbegu msizitupe. Osha, anika, kaanga bila mafuta na chumvi kidogo. Mie nilikuwa natafuna wakati wa mimba ya kitinda mimba wangu, yule sasa ni nahodha wa jahazi.

Mpare_wa_Suji

Kijana, kama upo kweli, fanya hivi. Choma boga Ijumaa mchana, mwisho saa kumi. Mtama na mbaazi weka kwenye hotipoti, zitakaa. Boga usilitie humo, litarudi kuwa uji. Liache wazi lipoe, funika kwa kawa. Boga la kuchoma likiwa la baridi ni tamu vile vile, pengine zaidi. Rojo la karanga liwe pembeni, kila mtu ajimwagie. Tia ndimu, siki acha, na pilipili usiweke kabisa, wazee wetu wengi hawagusi hivyo. Chai ya majani usimpe, mpe mchaichai. Hiyo habari ya kukaa duka la watu, mimi sina la kusema. Mpare ataomba kuona leseni.

Kisu_Butu, Ijumaa saa tisa alasiri

Wakuu, nipo mezani na ubao mpya. Sinia la kwanza limetoka, halina maji hata tone, mwanangu mdogo ameiba vipande vinne. La pili linaingia. Jua linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu, nitawahi. Rafiki yangu wa nafaka amepata safari ya ghafla, duka limefungwa. Nitaona.

Siti_ya_Mbele, Jumapili

Mrejesho?

Chai_ya_Rangi, Jumatatu

Hana mrejesho. Chai haina mrejesho.

Dada Neema, Jumatatu

Kisu, hata kama umeachwa tuambie, tutakuchangia.

Kisu_Butu, Jumanne asubuhi

Mama bado yuko Moro, anaondoka kesho, akiondoka nitaandika vizuri. Bakuli alikula akaongeza, boga akasema limekatwa sawasawa mno. Leo asubuhi kaniuliza mifupa nauza kilo shilingi ngapi, ana mbwa wawili Same.