Refa aruhusiwe kumjibu kocha hadharani, au aendelee kumeza?

Kipenga_Mdomoni: Wadau, nauliza bila ushabiki. Mechi ikiisha kocha anawekewa maikrofoni, anasema refa kaharibu mchezo. Refa anapanda gari na wenzake, kimya. Kesho yake vijiwe vyote vinarudia maneno ya kocha. Tangu msimu wa 2019/20 sheria imempa refa kadi za kumwonyesha kocha, sawa, lakini kadi haivuki geti la uwanja. Uingereza bosi wa marefa, Howard Webb, anakaa kwenye televisheni na sauti za chumba cha VAR, wale marefa wa video, zinasikika. Kombe la Dunia la Wanawake 2023 marefa walikuwa wanautangazia uwanja mzima uamuzi baada ya VAR. Wetu akipewa dakika tano aeleze ile penalti, kuna ubaya gani?

Mwana_Jangwani: Aeleze nini, mbeleko ya kuibeba timu? Hawa wetu wakipewa maikrofoni wataanza kwa kutoa shukrani. Ndiyo maana dabi ya Yanga na Simba ya Juni 2025 tukaletewa marefa wa Misri.

Msimbazi_Damu: Mlishinda 2-0 na hao Wamisri na bado unatoa povu? Utopolo nyie wa Yanga hamjui kufurahi.

Mwana_Jangwani: Nani katoa povu, kolo wa Simba wewe? Nasema Mmisri hana shemeji hapa mjini. Kocha akimbwatukia, anaonyesha kadi, usiku yuko kwenye ndege. Wetu Jumatatu anakutana na meneja wa timu sokoni.

Msimbazi_Damu: Kolo ni nani? Rudia.

Mzee_wa_Kibendera: Vijana punguzeni. Mimi nimeshika kibendera, baadaye kipenga, ligi ya mkoa. Kocha humwezi kwa maikrofoni, unamweza dakika kumi za mwanzo. Unasubiri mpira utoke, unamfuata wewe, humwiti kama mtoto. Mkono chini. Ukimnyooshea kidole jukwaa zima linaona, na hapo hata akitaka kukuelewa hawezi, ataonekana mnyonge mbele ya wachezaji wake. Unamwambia taratibu, "Mwalimu, hiyo nimeisikia, inatosha." Mara nyingi mkorofi si kocha. Ni meneja wa timu na mtunza vifaa, wamekaa nyuma huko wanatukana huku wameinamisha vichwa. Sheria inasema usipomtambua aliyetenda kosa, kadi anakula kocha mkuu. Mnong'oneze hilo tu, uone anavyogeuka kuwanyamazisha mwenyewe. Anayeumia kuliko wote ni mwamuzi wa akiba, dakika 90 yuko katikati ya mabenchi mawili, mama yake anatajwa kulia na kushoto. Hayo ya kuongea na waandishi sahauni. Ukimjibu leo, mwezi ujao umepangwa tena mechi yake. Utachezesha vipi?

Binti_Ilala: Mzee shikamoo, ila hapo kwa mtunza vifaa umetukosea. Kaka yangu anafanya kazi hiyo, anaamka saa kumi alfajiri kufua jezi, hana muda wa kumtukana mtu. Semeni makocha wa kigeni. Tangu Amrouche, yule aliyekuwa kocha wa Taifa Stars, kila anayeshuka uwanja wa ndege anakuja na kesi ya refa.

Nyayo_Jukwaani: Amrouche tena! Huyo tulimjua sisi Kenya kwanza. 2014 CAF, shirikisho la soka Afrika, ilimfungia mwaka mzima baada ya mechi na Comoro, kwa tuhuma za kumtemea mate afisa wa mechi. Nyinyi Wabongo mlimchukua mkijua.

Temeke_Mwisho: Mate mimi sijui. Ninachojua 2024 alisema ukweli. Tumepigwa tatu na Morocco kwenye AFCON, kombe la mataifa ya Afrika, mchezaji wetu Miroshi kala nyekundu, mzee wa watu akasema Morocco wanajipangia marefa na saa za kucheza. Wakamfunga mdomo.

Nyayo_Jukwaani: Alisema kabla ya mechi, kwa televisheni ya Algeria kwao. Kabla! Ndiyo shida yenyewe. Refa anaingia uwanjani ameshaitwa mwizi, unategemea akuhurumie kwenye kadi ya pili ya njano?

Temeke_Mwisho: Kwa hiyo unakubali refa alilipiza.

Nyayo_Jukwaani: Sijasema hivyo. Soma pole pole.

Temeke_Mwisho: Umesema. CAF ikamfungia mechi 8, faini dola 10,000, na TFF, shirikisho letu wenyewe, badala ya kumkingia kifua ikamsimamisha mashindano yakiendelea. Nchi gani inamtupa kocha wake katikati ya AFCON?

Msimbazi_Damu: Nchi iliyomtoa kwa kuisema Morocco ikamweka kocha anayeitwa Hemed Morocco. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Binti_Ilala: Hemed Morocco na mwenzake Mgunda ndio waliotuletea pointi mbili, sare na Zambia na sare na DR Congo. Na baadaye Hemed akatupeleka AFCON 2025. Bila kumlaumu refa yeyote. Cheka tena.

Temeke_Mwisho: AFCON 2025 iliyopangwa kuchezwa wapi dada? Si Morocco hiyo hiyo? Sema kwa sauti.

Kipenga_Mdomoni: Jamani, mada. Refa aongee au asiongee? Mourinho, akiwa kocha wa Roma, 2023 baada ya fainali ya Europa League kule Budapest alimsubiri refa Anthony Taylor kwenye maegesho ya magari akamporomoshea matusi, UEFA, shirikisho la soka Ulaya, ikamfungia mechi nne. Taylor mpaka uwanja wa ndege mashabiki walimfanyia vurugu akiwa na familia yake. Angekuwa na pa kujieleza mapema pengine joto lingeshuka.

Mwana_Jangwani: Refa aongee? David Coote, refa wa Uingereza, aliongea. Video ikavuja anamtukana Klopp, aliyekuwa kocha wa Liverpool, Desemba 2024 kibarua kikaota nyasi. Sasa rudia mechi zote za Liverpool alizochezesha, ujiulize kipenga kilikuwa kinapulizwa na nani.

Kipenga_Mdomoni: Ile haikuwa mahojiano, alirekodiwa kwenye maongezi yake binafsi.

Mwana_Jangwani: Ndiyo hatari zaidi. Kinyongo anacho, ila hatukioni. Usiniletee dakika tano za kutabasamu kwenye kamera.

Mzee_wa_Kibendera: Kinyongo hakikosekani, tusidanganyane. Kocha akishakuita mwizi mbele ya watoto wako waliokuja kukuangalia, husahau. Dawa ni kutompanga refa huyo mechi za timu hiyo kwa muda, lakini mkoa wenye marefa wa kuhesabu vidoleni utafanyaje? Unapangwa tu. Unakwenda, unampa mkono, naye anaushika huku anatazama pembeni.

Binti_Ilala: Mzee hujanijibu la mtunza vifaa.

Nyayo_Jukwaani: Mimi naomba kuuliza Temeke. Hiyo faini ya dola 10,000 alilipa nani, Amrouche au TFF?

Temeke_Mwisho: Kwani ukijua itakusaidia nini?

Mzee_wa_Kibendera: Swali zuri hilo. Kwenye mechi zangu sijawahi kuona kocha akitoa faini mfukoni mwake. Timu inalipa, tena inamchukulia shujaa, wiki inayofuata anarudi na mdomo ule ule.

Kipenga_Mdomoni: Basi labda tuseme hivi: faini ikatwe kwenye mshahara wa kocha mwenyewe, kwa maandishi, kwenye mkataba. Hilo mnalionaje?

Mwana_Jangwani: Anzisha uzi mwingine. Hapa bado namsubiri kolo akubali kuhusu Wamisri.

Msimbazi_Damu: Nimeamka sasa hivi. Kolo ni nani?